Fukusi wa Mto Zigi

Mtu anayekinga ndoo bombani alfajiri Nguvumali, mjini Tanga, anakinga maji yaliyoanza safari yake msituni. Yametoka milima ya Usambara Mashariki, yakapita chini ya miti ya Amani, yakakutana na maji ya Kihuhwi, yakashuka Muheza katikati ya minazi, michungwa na mkonge, yakatulizwa kwenye bwawa la Mabayani, ndipo yakaingia katika mabomba ya mji. Ramani za Wajerumani ziliuandika mto huo Sigi. Wanaoishi kando yake husema Zigi.

Maji hayo hayakubeba udongo na majani makavu tu. Kwa zaidi ya karne moja bonde la Zigi limekuwa njia ya wageni: mimea iliyoletwa kwa meli, ikapandwa kwa mistari, ikaandikwa daftarini, kisha mingine ikatoroka. Na ni katika mto huo, pamoja na jirani yake mkubwa Pangani, walikoachiwa wadudu wadogo kuliko punje ya mchele ili wafanye kazi iliyoshinda panga na mikono ya watu.

Habari yenyewe inaanzia mlimani, mwaka 1902. Mwaka huo serikali ya Kijerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, wazo lililosukumwa kwa nguvu na Franz Stuhlmann. Albrecht Zimmermann alishughulikia mimea, Julius Vosseler wadudu. Miteremko ikafyekwa, ikapandwa mikwinini, mipira, mikafuri, kahawa, viungo, miti ya mbao, na chochote kingine ambacho mfanyabiashara wa Hamburg angeweza kukinunua. Mbegu zilitoka Asia, Amerika, Australia na visiwa vya bahari zote. Reli ndogo ikajengwa kupanda hadi Sigi kuchukua mbao.

Tamaa hiyo haikuwa ya bure. Miaka tisa tu kabla, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai shambani Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 likazaliwa zao lililoijenga Tanga: bandari yake, reli yake, manamba wake, utajiri wake na dhuluma zake. Aliyeuona muujiza huo wa miche 62 angekosaje kuamini kwamba kila mche unaoshushwa melini ni hazina?

Jambo ambalo hawakulifikiri ni hili: mche unaoletwa peke yake huletwa nusu. Huko kwao kila mmea unaishi na walaji wake. Kuna kiwavi anayetafuna jani, fukusi anayetoboa shina, inzi anayetaga ndani ya tunda, ukungu unaoozesha mizizi. Meli huchukua mbegu na kuwaacha hao wote nyuma. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wageni hawa hakubaki wa kuwapa jembe. Wengi walikufa kwa kutopatana na mvua na udongo. Wengine walikaa kimya mahali walipopandwa. Wachache wakaanza kutembea. Watafiti waliochunguza masalia ya bustani hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walikuta spishi 214 za kigeni zilizokuwa bado hai tangu upandaji wa zamani. Kati ya hizo, 16 zilikuwa zimesambaa mbali na viwanja vyake.

Kumi na sita kati ya mia mbili na kumi na nne si nyingi. Lakini uvamizi haupimwi kwa kuhesabu majina. Mmea mmoja wa kigeni ukipata jua, ndege wa kubeba mbegu zake na ardhi isiyo na adui yake, hesabu nyingine zote hufutika. Lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko na vitunda vyeusi ambavyo watoto huvichuma njiani, imefanya hivyo katika nchi za joto karibu zote.

Mwaka uleule wa 1902, upande wa pili wa dunia, mtu mwingine mzaliwa wa Ujerumani alikuwa akizunguka vichakani Mexico na vyombo vya kukamatia wadudu. Aliitwa Albert Koebele, naye alikuwa ametumwa na visiwa vya Hawaii. Huko lantana ilipandwa kama ua la bustani, ikageuka mwiba wa malisho. Koebele alikuwa akiitafuta ile nusu iliyoachwa nyuma. Alipeleka Hawaii spishi 23 za wadudu waliokuwa wakila lantana kwao. Nane kati yao zilishika. Mmoja wao ni kunguni mdogo wa majani, mwenye mbawa zilizochorwa kama kitambaa cha lesi, ambaye wataalamu humwita Teleonemia scrupulosa. Kunguni huyo tutakutana naye tena Afrika Mashariki, katika mazingira yasiyompendeza mtu.

Kwa hiyo mwaka mmoja ulikuwa na Wajerumani wa namna mbili: mlimani Amani wanaopanda mimea bila walaji, na Mexico anayewafuata walaji baada ya mimea. Haielekei kwamba upande mmoja uliwaza habari za upande wa pili.

Koebele naye hakuwa wa kwanza kabisa kuona mdudu akiliangusha gugu. Mwaka 1795 Waingereza walipeleka India, kutoka Brazili, vidung'ata wanaoishi kwenye mpungate. Walitaka ile rangi nyekundu ya thamani iliyokuwa ikiwatajirisha Wahispania. Walikosea: vidung'ata wao walikuwa spishi nyingine, rangi yao hafifu. Lakini mpungate walioupanda ili kuwalisha ulianza kuanguka vipande vipande. Katika miaka ya 1860 vidung'ata haohao walivushwa makusudi hadi Ceylon kuuangamiza mpungate wa huko, na wakauangamiza. Biashara iliyoharibika ikawa elimu.

Sifa kubwa zaidi ilipatikana Australia. Mpungate ulikuwa umetwaa eneo la takribani hekta milioni 24 za Queensland na New South Wales, wafugaji wakahama nyumba zao. Mwaka 1925 yaliletwa kutoka Argentina mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis, mayai yasiyofika 3,000. Viwavi wake waliingia ndani ya mapande ya mpungate na kuyaozesha, na kufikia miaka ya 1930 mashamba yalikuwa yamefunguka tena. Mwaka 1936 wakulima wa Boonarga walijenga ukumbi wa kijiji wakaupa jina la nondo huyo. Ni nadra mdudu kupata heshima ya namna hiyo.

Lakini nondo huyohuyo, alipofika Florida mwaka 1989 akitokea visiwa vya Karibi, alikuta mipungate iliyo ya asili huko, akaanza kuila pia. Yeye hakubadilika. Mahali ndipo palipobadilika.

Turudi pwani. Katika miaka ya 1950 kwenye Mto Zigi, na baadaye kidogo kwenye Pangani, lilionekana ua la zambarau hafifu likielea. Lilikuwa gugu maji, mzaliwa wa bonde la Amazon. Mto Kongo ulikuwa umeshaupata mmea huo mwanzoni mwa muongo huohuo, na Nile nchini Sudan iliupata kabla muongo haujaisha. Ziwa Victoria lilikuwa bado safi, na lingebaki safi kwa miaka thelathini mingine. Tanga ilikuwa imetangulia, ingawa si katika jambo la kujivunia.

Gugu maji ni mmea mzuri, na huo ndio ubaya wake. Watu waliubeba kutoka bara hadi bara kwa ajili ya madimbwi ya bustani zao. Vikonyo vya majani yake vimevimba na kujaa hewa kama maboya, hivyo hauhitaji udongo. Hutuma vichipukizi pembeni, kila kichipukizi huwa mmea, na katika maji yenye joto na rutuba wingi wake unaweza kuwa maradufu ndani ya wiki mbili. Ukiung'oa wote leo, mbegu zake zilizolala kwenye tope zinaweza kungoja miaka mingi. Zulia lake likishafunga, jua halifiki chini, hewa ya majini hupungua, samaki huondoka, mtumbwi haupiti, na konokono wa kichocho na mazalia ya mbu hupata makazi mapya.

Hata hivyo Tanga ilikuwa na msaidizi asiyelipwa. Masika yanapojaza mito, maji huyakata mazulia hayo na kuyasukuma hadi mlangoni, na gugu maji halivumilii chumvi. Visiwa vya kijani vinavyoteremka mbele ya kivuko kati ya Pangani mjini na Bweni vinaelekea kufa. Ndiyo maana gugu la Zigi na Pangani halikupata vichwa vya habari kama lile la Victoria lilivyokuja kuvipata. Ziwa halina bahari ya kutupia taka zake.

Bahari, lakini, husafisha mwisho wa mto tu. Juu yake kuna pembe za maji yaliyotulia, mifereji ya mashamba, mabwawa, na maingilio ya mitambo ya umeme: Hale, iliyoanza kufua umeme mwaka 1964, na Maporomoko ya Pangani. Huko gugu lilibaki, likitoa mbegu na kusubiri. Kuling'oa kwa mikono kunawezekana, na watu waliling'oa. Lakini sehemu kubwa ya mmea huo ni maji matupu. Mtu huvuta mzigo mzito siku nzima, na wiki mbili baadaye pengo limejaa.

Wakati gugu maji likijizatiti mtoni, Afrika Mashariki ilikuwa ikijaribu silaha ya Koebele kwa mara ya kwanza, na shabaha ilikuwa lantana. Kunguni wa mbawa za lesi aliletwa Kenya mwaka 1953, kisha akasambazwa katika nchi jirani. Uganda ilimhitaji kwa sababu ya pekee: vichaka vya lantana vilikuwa vimegeuka maficho ya mbung'o, na mbung'o maana yake ni nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kunguni akaachiwa, akafyonza, lantana ikakauka majani. Watu wakafurahi.

Kisha ikaja habari ya Serere, kituo cha utafiti huko Teso. Kunguni walikuwa wamezaana mno juu ya lantana hadi wakaimaliza. Njaa ikawapata. Kando ya vichaka hivyo kulikuwa na mashamba ya ufuta, zao linalopendwa sana Teso, na kunguni wakaonekana juu yake, wakifyonza majani. J. C. Davies na David Greathead, huyu wa pili akiwa mtafiti wa udhibiti wa kibiolojia kutoka kituo cha Kawanda, waliripoti tukio hilo katika jarida la Nature mwaka 1967.

Ni vyema kulipima jambo hilo kwa kipimo chake. Kunguni hakuufanya ufuta kuwa makao yake ya kudumu, na Uganda haikupoteza zao lake. Lakini mkulima aliyekuta wadudu wa serikali kwenye ufuta wake hakuhitaji mhadhara wa takwimu ili apate wasiwasi. Kunguni huyo alikuwa amekwisha kuachiwa Hawaii na Australia miaka mingi kabla. Afrika Mashariki ilimpokea na sifa zake mkononi, kama mtumishi anayekuja na barua ya mwajiri wa zamani. Barua hiyo haikujua ufuta wa Teso. Tangu siku hizo, mtu yeyote anayependekeza mdudu kwa ajili ya gugu katika ukanda huu hukutana na swali la Serere hata kama wanaouliza hawajawahi kusikia jina la Serere: akimaliza gugu, atakula nini?

Jibu la swali hilo ndilo moyo wa kazi yote. Watu hudhani mdudu anayefaa ni mlafi. Kinyume chake, anayefaa ni mdudu mchaguzi, anayeona bora kufa njaa kuliko kugusa jani la aina nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa hufungiwa na mimea ya kila namna, kwanza jamaa wa karibu wa gugu, kisha wa mbali, kisha mazao ya nchi inayompokea. Akitaga juu ya hata moja lisilotakiwa, mara nyingi safari yake huishia hapo.

Fukusi wawili wa gugu maji walipita mtihani huo kwa namna ambayo wadudu wachache wamepita. Ni ndugu: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, mbawakavu wenye pua ndefu iliyopinda, urefu wa milimita nne au tano. Wamarekani waliwachunguza Argentina kwa miaka, wakiwa na maabara Hurlingham nje ya Buenos Aires, kabla ya kumwachia wa kwanza Florida mwaka 1972 na wa pili miaka miwili baadaye. Vizazi vyao haviwezi kuendelea bila gugu maji na jamaa zake wachache sana. Mpunga hawautaki. Mchicha hawautaki.

Maisha yao yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo kazi ilimo. Mchana hujificha chini kwenye kitovu cha mmea. Usiku hupanda na kukwangua ngozi ya jani, wakiacha vidoa vyeupe vidogo, kama mtu aliyekwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Alama hizo ndizo mtaalamu anazotafuta anapotaka kujua kama wapo, maana wenyewe hawaonekani ovyo. Jike hutoboa kikonyo na kutaga humo. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Funza wake hutoboa njia ndani ya kikonyo wakishuka kuelekea kitovuni. Njia hizo huingiza maji, maji huingiza ukungu na uozo, yale maboya yaliyoubeba mmea hupoteza hewa yake. Funza akikomaa hushuka hadi kwenye mizizi chini ya maji, hujizungushia vinyweleo vya mizizi kama blanketi, na humo hugeuka fukusi kamili. Mzunguko mzima huchukua miezi mitatu au zaidi kidogo.

Hapo ndipo ugomvi na wanasiasa huanzia kila mahali. Gugu huongezeka kwa wiki, fukusi kwa miezi. Mwaka wa kwanza hakuna cha kuonyesha wapiga picha. Mwaka wa pili majani huwa mafupi, maua hupungua, vichipukizi vipya ni vichache. Halafu siku moja zulia lililokuwa likibeba ndege huanza kuzama.

Tanzania haikuanza bila uzoefu. Katika miaka ya 1980 kidung'ata wa muhogo alikuwa amevamia mashamba, na nyigu mdogo kutoka Amerika Kusini alisambazwa Afrika nzima kumkabili. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo katika IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Wizara ya Kilimo ilikuwa na kituo cha udhibiti wa kibiolojia Kibaha, mkoa wa Pwani. Njia ileile iliyomleta nyigu, kupitia IITA nchini Benin, ndiyo iliyowaleta fukusi. Katikati ya miaka ya 1990 wakaachiwa kwenye mito ya Tanga, Zigi na Pangani, miaka arobaini hivi baada ya gugu kuonekana humo.

Hawakumwagwa kama mbegu. Namna ya kuwaachia ni kuchukua mimea iliyokwisha kutagiwa mayai na kuipachika katikati ya mimea mizima, kisha kurudi baada ya muda kuhesabu vidoa kwenye majani. Mto una taabu yake: mafuriko yanayolisukuma gugu baharini huwazamisha fukusi pamoja nalo. Kwa hiyo pembe tulivu, zile zinazoficha gugu, ndizo zinazowatunza walaji wake pia.

Kufikia hapo macho ya nchi yalikuwa mbali na Tanga. Gugu maji lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likiletwa kwa wingi na Mto Kagera. Ghuba la Mwanza, Port Bell, Kisumu: meli zilikwama bandarini, mitambo ya umeme ya Jinja ikasumbuliwa, wavuvi wakalala bila kutoa nyavu. Uganda iliwaachia fukusi kwanza katika Ziwa Kyoga mwaka 1993, kisha Victoria mwaka 1995. Kenya na Tanzania zilifuata ziwani mwaka 1997, chini ya mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa. Vituo vya kuzalisha fukusi vikawekwa ufukweni, matangi na mabeseni yaliyojaa gugu, na wavuvi wenyewe wakashirikishwa. Ni jambo la kuchekesha kidogo kumwona mtu akilitunza kwa mbolea gugu analolichukia, ili adui yake anenepe.

Mwaka 1998 Ghuba la Winam, upande wa Kenya, lilikuwa na zaidi ya hekta 17,000 za gugu. Miaka miwili baadaye karibu lote lilikuwa limetoweka.

Nani alilimaliza? Hapo ndipo wataalamu walipogombana. Baadhi walisema ni El Niño ya 1997/98: mawingu yalipunguza mwanga, ziwa lilipanda, mawimbi yakayavunja mazulia. Wengine wakajibu, katika jarida la Aquatic Botany mwaka 2007, kwamba fukusi ndio waliofanya kazi. El Niño imekuja mara nyingi mahali ambako gugu halikwenda popote, na gugu lililosombwa Victoria lilikuwa limeshatobolewa. Mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba hoja hizo mbili hazifukuzani sana kama waandishi wake walivyofukuzana. Wimbi hulivunja zulia kwa urahisi zaidi pale vikonyo vyake vimejaa maji. Lakini katika kugawana sifa, fukusi wanastahili fungu kubwa, kwa sababu wimbi lilikuwapo tangu zamani na gugu lilikuwa likiongezeka tu.

Gugu halikuisha. Limerudi mara kadhaa, na kila linaporudi lawama hupelekwa kwa fukusi, wakati maji ya choo kutoka mijini na mbolea inayosombwa mashambani ndiyo yanayolilisha. Mmea ulioshiba huchipua haraka kuliko unavyoliwa. Hilo linaihusu Zigi moja kwa moja: kadiri kingo za juu zinavyolimwa, ndivyo mto unavyobeba chakula kingi zaidi kwa gugu lolote litakaloingia Mabayani.

Na magugu mapya hayajakoma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vivuko vya Kigongo na Busisi vilitatizwa na mmea ambao Mwanza waliuita gugu maji jipya. Huo ni salvinia, aina ya kangaga inayoelea, nayo pia ya Brazili. Historia yake ina somo kali kuhusu majina. Kwa miaka mingi wataalamu waliiita kwa jina la spishi nyingine, hivyo wakaenda kutafuta walaji wake mahali pasipo pake, na wadudu waliowaleta hawakufaa sana. Mwaka 1972 tu ndipo ilipotambuliwa kuwa spishi mbali, Salvinia molesta. Kwao halisi kulipojulikana, kusini-mashariki mwa Brazili, akapatikana fukusi wa milimita mbili, na mwaka 1980 akaachiwa katika Ziwa Moondarra, Queensland. Mwaka mmoja hivi ukatosha kulifungua ziwa. Uganda nayo imemgeukia mdudu huyo kwa upande wake wa Victoria.

Utaratibu wa leo si ule wa barua ya mwajiri wa zamani. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2020, na mdudu mgeni haingii bila tathmini na karantini. Kenya ilipowaachia vidung'ata wa mpungate Laikipia mwaka 2014, ilichaguliwa hata nasaba yao ndani ya spishi ileile, ile inayoandama mpungate mvamizi na si ule unaopandwa kwa matunda.

Mlimani Amani, penye chimbuko la Zigi, kuna mgeni ambaye mambo yake bado hayajaanza. Anaitwa Clidemia hirta, kichaka cha majani yenye manyoya na vitunda vya buluu, asili yake Amerika ya kitropiki. Ndege hula vitunda hivyo na kuzidondosha mbegu ndani ya msitu, kwenye kila pengo linaloachwa na mti ulioanguka. Fiji ililipata jibu lake mwaka 1930 kwa kuleta vithiripi kutoka Trinidad, wadudu wembamba kama uzi wanaofyonza ncha changa. Malisho ya Fiji yalipona. Hawaii iliwaleta haohao ikagundua kwamba wanapenda jua: mahali pa wazi walifanya kazi, chini ya kivuli cha msitu Clidemia iliendelea kama kawaida. Na Amani ni kivuli.

Kungekuwa na mdudu mwingine anayekubali kivuli, faili lake lingefunguliwa kwa orodha ya majani ya kumpima nayo, na orodha hiyo huanza na jamaa wa karibu. Clidemia ni wa ukoo mmoja na miti ya Memecylon, ambayo Usambara ina spishi zake zisizopatikana kwingine duniani. Majani ya kwanza ya kumfungia naye mdudu huyo yangechumwa hapohapo, kando ya vijito vinavyoshuka kuelekea Mabayani.